Mjadala: Barabara ya Oginga Odinga ifungwe kwa magari Jumamosi moja kwa mwezi, iwe ya chakula na muziki?

Mleta mada:

Wenzangu wa Kisumu, hili nimelibishania na majirani mpaka nimeona tulilete hapa. Je, kipande cha Barabara ya Oginga Odinga karibu na mnara wa saa kifungwe kwa magari Jumamosi moja ya kila mwezi, jioni, ili watu wale, wasikilize muziki na wachoraji waanike kazi zao?

Mimi naunga mkono kwa moyo wote, ila nina sharti moja. Nafasi za kwanza wapewe wanaotulisha na kutuburudisha siku zote za mwaka: mama samaki, wauza mahindi choma, mama wa chapati na madondo, vijana wa juisi ya miwa, na mpiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi, anayeitwa matangani kila wiki lakini mjini hajapata jukwaa. Sharti hilo likikosekana, afadhali barabara ibaki na magari yake.

Nasema hivyo kwa sababu mkondo wa mambo haya unajulikana. Linatangazwa tamasha la chakula chetu. Hema zinawekewa bei, kampuni ya bia inachukua upande mzima, mikahawa mikubwa inachukua uliobaki. Mama samaki anafurushwa na kanjo, askari wa kaunti, tangu mchana ili mahali papendeze wageni. Ikifika jioni, samaki yule yule anauzwa ghali kwenye sahani ya karatasi, na hakuna hata aliyekunawisha mikono.

Tusisahau Lwang'ni, vile vibanda vya samaki kando ya ziwa. Pale ufukweni mtu aliingia, akachagua samaki wake, akakaa benchi moja na fundi wa mjengo na karani wa benki, wote wakila kwa mkono. Vibanda vile vilibomolewa 2019, wakati bandari ikifufuliwa. Ninachojua ni kwamba tangu hapo katikati ya mji tuna pa kununua chakula, ila pa kula pamoja hatuna. Na barabara yenyewe iko tayari kuliko zamani: mji ulipojiandaa kwa Africities, mkutano wa miji ya Afrika wa Mei 2022, tulitengenezewa njia pana za waenda kwa miguu. Zinatumika mchana. Ikifika saa mbili usiku zimebaki tupu.

Wala hatuombi hisani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Jedwali hilo hilo linazikabidhi pia udhibiti wa kelele na kero. Kwa hiyo anayetaka ngoma na anayetaka kulala wote wana haki ya kugonga mlango ule ule. Karibuni, semeni.

Mwenye duka la vitambaa:

Kijana wangu, umeandika vizuri lakini hukuniuliza. Jumamosi ndiyo siku yangu. Wateja wanatoka Siaya, Bondo, Vihiga, wananunua sare za shule na vitambaa vya harusi. Ukifunga barabara saa sita, umenifunga na mimi. Halafu kuna Jumapili asubuhi. Miiba ya samaki mlangoni mwangu ataifagia nani? Nimeona mikutano ya siasa ikiisha pale na chupa zikabaki siku tatu. Sipingi muziki, napinga kuachiwa uchafu wa watu wengine.

Mleta mada:

Mzee wangu, la saa nakubali bila ubishi. Ifungwe saa kumi na moja jioni, ukiwa umeshamaliza kuuza, na ifunguliwe saa nne usiku. La uchafu ndilo ningeliweka mbele ya yote: wafagiaji walipwe kabla ya kulipa jukwaa wala spika, na wafagie usiku ule ule. Ila la wateja naomba tulitazame vizuri. Anayetoka Bondo kununua sare mara nyingi amekuja kwa matatu, kisha ametembea kutoka stendi. Gari lililoegeshwa mlangoni pako tangu asubuhi si la kwake.

Dereva wa tuktuk:

Mmeandika mengi na hakuna aliyetaja stendi yetu. Barabara ikifungwa abiria tunawachukulia wapi? Jumamosi usiku ndiyo karo ya watoto.

Mkazi wa Milimani:

Kwani Uwanja wa Jomo Kenyatta umekwenda wapi? Upo hapo hapo mjini, una nafasi, hauzuii gari la mtu. Pelekeni ngoma huko mtuachie barabara.

Mleta mada:

Uwanja ni mzuri, dada, ila uwanja unafungika. Kinachofungika huwekewa mlango, na mlangoni hukaa mtu wa tiketi. Barabarani mtoto wa mtaa wa Manyatta aliyetumwa chumvi anaweza kusimama akasikiliza ala ya orutu bila kuulizwa ana shilingi ngapi. Hilo kwangu ni kubwa kuliko usumbufu wa saa tano za Jumamosi.

Muumini na mzazi:

Mimi neno langu ni pombe. Sheria ya vileo ya 2010 iliziwekea baa saa zake: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi kuanzia saa nane mchana. Ikataka pia baa ziwe angalau mita 300 kutoka shule za watoto. Sasa mnataka kuitoa pombe ndani ya baa, muiweke barabarani ambapo nimekuja na watoto wangu kula mahindi? Ikiwa hivyo sitakuja, na wengi wa kanisani na msikitini hawatakuja.

Kijana wa Vihiga:

Mama, nakuheshimu, lakini utamaduni hauchaguliwi nusu. Busaa ni kinywaji cha wazee wetu. Arusi na mazishi hayakwenda bila chungu na mirija. Sheria hiyo hiyo ya 2010 ndiyo iliyofuta sheria ya 1980 iliyopiga chang'aa marufuku, ili vinywaji vyetu navyo vitengenezwe kwa leseni na kwa usafi. Mkiniambia bia ya kiwandani inaruhusiwa kwa kuwa ina bango kubwa na busaa haifai kwa kuwa inapikwa na nyanya yangu, hapo tutagombana.

Mleta mada:

Ndugu wa Vihiga, umenigusa. Bia na busaa zipimwe kwa kipimo kimoja, na kipimo changu ni hiki: pombe yoyote isiuzwe barabarani. Baa za mji huu zipo na milango yake iko wazi, anayetaka aingie. Barabarani tuwe na uji wa wimbi, maziwa ya mgando, juisi ya miwa, chai ya tangawizi. Sisemi hivi kwa kumwogopa mtu wa dini. Pombe ikishaingia, kampuni yake inaingia na hema lake, spika zake na ratiba yake, na mama samaki anasukumwa pembeni. Ila historia ya busaa na isimuliwe pale, mtungi na mirija vionyeshwe, wazee waeleze ilivyopikwa na ilinywewa lini. Sioni mzazi atakayekataa hilo.

Mpiga orutu:

Naomba nisikizwe maana haya ni maisha yangu. Sisi wa ala za asili tunaitwa kwenye hafla za mji kwa maneno yale yale kila mara: njoo, tutakupa jukwaa, utajulikana. Nimejulikana vya kutosha. Wanaonipenda wanajua jina langu, na mwenye nyumba analijua pia, kila mwisho wa mwezi.

La pili ni sauti. Orutu ina uzi mmoja. Uzuri wake ni ule mkwaruzo wa upinde unaofuata sauti ya mwimbaji, ukipanda anapopanda. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji hafanyi kazi ya vidole peke yake: ana pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anaigonga kwenye ubavu wa chombo, na njuga za gara mguuni zinaitikia. Watu watatu wako ndani ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda. Sasa mweke huyo mbele ya spika za disko zilizo hatua ishirini kutoka kwake. Mtaona midomo ikicheza tu. Halafu watasema vijana hawapendi muziki wa asili, na hawajausikia.

Kwa hiyo kama mnafunga barabara, nataka mambo haya yaandikwe. Malipo yajulikane kabla sijatoka nyumbani, hata yakiwa madogo. Saa yangu iwe yangu, spika nyingine zinyamaze. Na kijana wa ngoma za ohangla, mchoraji wa ukutani, msusi wa vikapu vya papiro kutoka ufukwe wa Dunga, wote walipwe au wapewe nafasi ya bure ya kuuza. Mji huu una deni kwa muziki. Mwanamuziki D.O. Misiani alikaa hapa na muziki wake wa benga ukaenda dunia nzima kutoka pande hizi. Isiwe sisi tunapamba tu picha za matangazo.

Mleta mada:

Sina la kupunguza hapo, kaka. Anayepinga malipo ya wasanii ajitokeze aseme kwa nini aliyeleta hema analipwa na aliyeleta nyatiti halipwi.

Mama samaki, Kibuye:

Nimesomewa yote na mwanangu. Mimi nakaanga samaki. Ngege, yaani tilapia, namchana ubavu, chumvi inaingia ndani, namtia kwenye karai mafuta yakiwa moto kweli, na simgeuzi mpaka ngozi ishike. Ukimharakisha anavunjika. Anayetaka wa mchuzi namwekea nyanya, kitunguu na dhania. Haya nayajua.

Nisiyoyajua ni haya. Maji nitayatoa wapi? Kipindupindu kimeshatupiga mji huu, na kikija anayelaumiwa kwanza ni mwenye karai. Cheti cha afya ninacho, napimwa kila miezi sita, lakini cheti hakinawishi mtu mikono. Taa je? Choo je? Halafu ushuru nalipa kila siku. Mkiniongezea ada ya tamasha juu yake, hesabu haitoki, nitabaki sokoni kwangu Kibuye.

Na mwenye samaki wa China wa kwenye barafu mtamweka pamoja nami? Yule bei yake iko chini. Mtu akishakula akaambiwa ni wa ziwani, mimi wa kwangu nitamuuzia nani?

Mleta mada:

Mama, haya yako ndiyo ningeanza nayo kama ningekuwa na akili ya biashara kama yako. Napendekeza hivi katika barua ya kwenda kaunti: tangi la maji na sabuni kila baada ya meza chache, vyoo vya kuhamishika, stima kutoka nguzo za barabara, na hakuna ada juu ya ushuru wa siku kwa anayeuza chakula mjini tayari. Mwenye mkahawa mkubwa alipe nafasi, na fedha hiyo ilipe wafagiaji na wasanii. Kuhusu samaki, kila meza iandike alikotoka: ziwani, kwenye vizimba, au nje ya nchi. Anayeuza wa China auze, ila kwa jina lake.

Kwa dereva wa tuktuk: stendi mbili, moja kila mwisho wa kipande kilichofungwa, zenye taa, na zisiegeshwe gari binafsi. Watu wakiondoka saa nne usiku na watoto wamelala mabegani, watakuhitaji wewe.

Dereva wa tuktuk:

Hapo sawa. Lakini iwe mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi watu wanatembea kwa miguu.

Mwenye duka la vitambaa:

Mwisho wa mwezi hapana. Hiyo ndiyo Jumamosi ninayoitegemea, na wateja wangu wengine wanakuja hata saa kumi na mbili. Wekeni katikati.

Mama samaki, Kibuye:

Katikati ya mwezi watu wananunua omena, yaani dagaa. Ngege nitarudi naye nyumbani.

Mleta mada:

Basi tarehe ndiyo imebaki. Mzee wangu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi unaionaje, mshahara ukiwa bado haujaisha na wewe umeshafunga hesabu ya mwisho wa mwezi? Ukikubali naandika barua leo. Ukikataa, tuambie ni saa ngapi hasa mteja wako wa mwisho huondoka, tuifunge barabara baada yake.