Cheni yenye vijino 72 inaning'inia kwenye bapa la inchi 18: nichague cheni na bapa la namna gani?

Mkulima wa Mubende

Ndugu zangu, nina msumeno wa injini wa cc 55 ninaoutumia kupunguza mikalitusi na misonobari katika shamba langu la Mubende, na mara chache majirani huniita nikawakatie mvule ulioangushwa na upepo. Bapa lililokuja na msumeno, yaani ile chuma ndefu ambayo cheni huizunguka, lina urefu wa inchi 18, na karibu na mahali linapofungwa pamechapwa .325, kisha 1.5 mm, kisha 72. Cheni ya kwanza ilipokwisha, nilimweleza muuzaji wa duka moja la vipuri mjini Kampala kwamba nahitaji cheni ya inchi 18 yenye vijino 72 vya chini, yaani vile vinavyoingia kwenye mfereji wa bapa. Tulivihesabu pamoja, vikatimia. Hata hivyo, nilipoifunga nyumbani, ilining'inia chini ya bapa ingawa nilikaza skrubu ya kurekebishia mpaka mwisho. Je, kosa liko kwenye cheni, au bapa limelika? Tena, kwa kuwa sina budi kununua upya, je, si afadhali nichukue bapa la inchi 24 nipate kukabili magogo makubwa?

Fundi wa Masindi

Ndugu, bapa lako halina kosa. Namba zile tatu hufanya kazi pamoja, nanyi mlitazama moja tu. Namba ya kwanza ni pichi, yaani wastani wa umbali, kwa inchi, kutoka ribiti moja (pini inayounganisha vipande vya cheni) hadi inayofuata. Chukua rula, pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha ugawe kwa mbili. Kwa cheni ya .325 kipimo hicho kizima, kabla ya kugawa, ni milimita 16.5 hivi, kwa cheni ya 3/8 ni takriban milimita 18.6. Nadhani umeuziwa cheni ya 3/8, kwa sababu vijino 72 ndivyo vinavyohitajika kwenye bapa la kawaida la inchi 20 la pichi hiyo. Hesabu ya vijino ni ileile, lakini mzunguko mzima wa cheni unazidi wa kwako kwa sentimita 15 hivi, na hakuna skrubu inayoweza kumeza tofauti ya namna hiyo.

Hata kama ungepunguza vijino ili urefu ulingane, tafadhali usiifunge. Sproketi, yaani gurudumu lenye meno linaloivuta cheni, iliyo kwenye klachi na ile ndogo iliyo kwenye ncha ya bapa zote zimechongwa kwa pichi ya .325, na cheni ya 3/8 itazipanda meno na kuziharibu.

Namba ya pili ni geji, yaani unene wa kijino cha chini, nayo lazima ilingane na upana wa mfereji wa bapa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea wanapoazimana cheni, maana Husqvarna nyingi za .325 hutumia milimita 1.5 au 1.3, ilhali Stihl nyingi za pichi hiyohiyo hutumia 1.6. Cheni ya 1.6 haitaingia kwenye mfereji wa 1.5. Ile ya 1.3 itaingia vizuri mno, na hilo ndilo baya zaidi, kwa kuwa italala upande na kukata kwa mshazari huku ukidhani kwamba meno ndiyo mabovu.

Mstaafu wa Misitu, Fort Portal

Naunga mkono maelezo ya fundi, na ningependa kujibu swali la inchi 24 ambalo limebaki. Ndugu yangu, usinunue bapa hilo. Injini ya cc 55 hufanya kazi vizuri kwa bapa la inchi 16 hadi 18, na inchi 20 ni mwisho wake katika mti usio mgumu sana. Bapa likiwa refu, meno mengi zaidi huwa ndani ya mti kwa wakati mmoja, injini hupungukiwa na mizunguko, klachi huteleza na kupata joto, na pampu ndogo ya oili haiwezi kulilowesha bapa lote hadi kwenye ncha. Gogo linalozidi bapa hukatwa kutoka pande mbili, na kwa njia hiyo inchi 18 hukata gogo lenye kipenyo kinachokaribia inchi 36. Bapa fupi pia ni jepesi mkononi mwa mtu anayepunguza miti siku nzima, na katika shamba lenye mistari iliyosongamana ncha yake haigusi ovyo shina la jirani. Sehemu ya juu ya ncha ndiyo inayougeuza msumeno ghafla na kuurusha kuelekea usoni.

Nionavyo mimi, fedha zako zitakufaa zaidi ukizitumia kuchagua jino. Yako meno yenye kona kali ya mraba, ambayo hukata haraka sana katika msonobari safi, lakini kona hiyo ikigusa mchanga mara moja tu huisha. Yako pia yenye kona ya mviringo, ambayo ni ya polepole kidogo lakini hustahimili uchafu na mti mgumu. Kwa magogo yaliyoburutwa kwenye vumbi la marram, na hasa kwa mvule, ambao mara nyingi huficha ndani yake mawe ya chokaa yanayoweza kumaliza makali yote papo hapo, chukua kona ya mviringo bila kusita.

Mkulima wa Mubende

Mzee wangu na fundi, nawashukuru sana. Nimepima: kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu ni milimita 18 na nusu hivi, kwa hiyo ni 3/8 kama fundi alivyosema. Je, nikiipata ya .325, naweza kuitumia pia kupasua mbao za mkalitusi kwa ajili ya zizi?

Fundi wa Masindi

Kwa mbao chache unaweza, ila kazi itakwenda taratibu na uso wa mbao utakuwa na mikwaruzo. Cheni ya kukata mti kwa kuukingama hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, lakini ya kupasua kwa urefu hunolewa kwa nyuzi 10 hivi. Ikiwa mbao zitakuwa nyingi, tenga cheni ya pili kwa kazi hiyo peke yake, na uupumzishe msumeno mara kwa mara, kwa kuwa kupasua huichosha injini kuliko kuangusha miti.

Nunua pia tupa ya mviringo ya milimita 4.8, ambayo ndiyo ya pichi ya .325, kwa maana watu hununua cheni nzuri kisha wakainoa kwa tupa yoyote iliyopo. Ile nundu iliyo mbele ya kila jino iwe chini ya jino kwa milimita 0.65, ukiipunguza zaidi, msumeno utang'ata na kurukaruka. Sproketi ya klachi ibadilishwe kila baada ya cheni mbili hivi, na bapa lipinduliwe juu chini kila unapofunga cheni mpya.

Dukani uende na bapa lenyewe, umtajie muuzaji .325, milimita 1.5, vijino 72, kona ya mviringo, na umwombe rula mpime ribiti tatu kabla hujalipa.