Mjadala: Kima wanaoshuka chini Nyali, tuwahamishe au tufunge mapipa?

Jirani yetu mmoja wa hapa Nyali, Mombasa, ametoa hoja kwamba kima na tumbili wanaoingia majumbani wamepotoka, kwa kuwa mnyama wa mtini akishazoea kutembea chini huwa ameharibika, na kwamba dawa ni kuwanasa wote na kuwapeleka hifadhi ya Shimba Hills. Ninauelewa uchungu wake, maana banda lake la makuti limefumuliwa mara mbili mwaka huu. Hata hivyo, sehemu ya kwanza ya hoja yake si sahihi, na hiyo ikianguka, ya pili nayo inayumba.

Tumbili hajawahi kuwa mnyama wa mtini peke yake. Nyikani hutafuta riziki chini kwa muda mrefu, na mti ni kimbilio lake. Huko Amboseli, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili ana mlio wa kuonya chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Akisikia ule wa chui, hukimbilia mtini. Kima ndiye hasa mpenda matawi, kwa hiyo mjadala wetu ni juu yake.

Mfano ninaoutegemea unatoka mbali, katika visiwa vya Coiba na Jicarón nchini Panama. Huko hakuna mamalia mla nyama anayewinda ardhini, na kapuchini, jamii ya tumbili wa Amerika, hushuka chini kwa wingi kuliko wenzao wa mahali penye wawindaji hao, hata mama waliobeba watoto. Jicarón wameonekana wakiokota mawe na kuvunjia matunda magumu, kaa na konokono. Tunda mojawapo ni kungu, hizi hizi ambazo watoto wa Mji wa Kale huziweka ukingoni mwa baraza, wakazishika kwa vidole viwili na kuzigonga kwa jiwe mpaka kiini kitoke, pengine baada ya kujigonga kidole. Mkungu asili yake si Amerika. Mnyama aliyekutana na tunda geni akajua la kulifanya sioni ameharibika wapi. Ametumia akili yake.

Lakini mfano huo una upande unaonibana, nami siwezi kuuficha: ni sehemu tu ya kapuchini hao wa Jicarón wanaotumia mawe, na wanaoonekana wakifanya hivyo ni madume. Kutokuwepo kwa adui, basi, hufungua mlango tu. Lazima kuwe na kitu cha kufuatwa upande wa pili.

Nyali kitu hicho ni taka zetu. Juma lililopita kima dume alikaa juu ya ukuta wa jikoni kwetu, akamtazama mbwa, akaitazama kamba ya mbwa ilipofikia, ndipo akateremka hatua moja nje ya mwisho wa kamba, akafunua pipa na kuondoka na ganda la embe. Chui hayupo hapa, na mbwa tuliye naye amekwisha kupimwa urefu wa kamba yake.

Ukimhamisha huyo, nafasi yake itachukuliwa na mwingine, maana pipa limebaki wazi. Huko Shimba Hills nako atakuta makundi yenye mipaka yao, ambayo hayatampokea kwa karamu. Na kuwanasa kiholela ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, jambo ambalo jirani yangu amelipita haraka mno.

Ninachotaka wachangiaji walijibu ni hiki: vifuniko vyenye komeo vigharimiwe na nani, mwenye nyumba au mpangaji? Hapo ndipo mkutano wetu wa mtaa ulipokwama, na mapipa hadi leo yako wazi.