Monita ya 1440p: nguvu iende kwenye prosesa au kwenye kadi ya michoro?

Mjenzi Mpya

Wakuu, nawasalimu. Najiandaa kuunganisha kompyuta ya kuchezea gemu, na kifaa pekee ambacho tayari ninacho ni monita: inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, yenye uwezo wa kufika hezi 165, yaani kubadilisha picha mara 165 kwa sekunde. Bajeti yangu inaniruhusu kuchagua moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni prosesa ya Ryzen 7 7800X3D pamoja na kadi ya michoro ya RTX 4060 yenye GB 8. Ya pili ni Ryzen 5 7600 pamoja na RX 7800 XT yenye GB 16. Vitu vingine vyote, yaani ubao mama wa AM5 (aina ya soketi ya prosesa), RAM ya DDR5 ya GB 32 katika vipande viwili, na SSD, vitabaki vilevile.

Muda mwingi nacheza gemu za hadithi zenye mandhari makubwa kama Cyberpunk 2077, na mara mojamoja nacheza Counter-Strike 2 pamoja na marafiki. Nimesoma mara nyingi kwamba prosesa dhaifu huibana kadi, ndiyo maana nasita kuchukua 7600, yenye koa (viini vya kuchakata) 6. Je, kwa monita hii, njia ipi ina mantiki zaidi?

Fundi wa Zamu

Ndugu, chukua njia ya pili. Nitaeleza sababu yake kwa kirefu kidogo, kwa kuwa itakufaa hata siku utakapobadilisha monita.

Kila fremu unayoiona, yaani kila picha moja kati ya zinazofuatana kwenye skrini, hupitia kwanza kwenye prosesa, ambayo hukokotoa wahusika wako wapi, risasi imepiga wapi na adui ameamua kufanya nini, kisha huikabidhi kadi orodha ya vitu vya kuchorwa. Kadi ndiyo huchora na kukokotoa rangi ya kila pikseli. Ukiongeza resolusheni, yaani idadi ya pikseli, kazi ya prosesa karibu haibadiliki, kwani adui ni yuleyule na risasi ni ileile. Mzigo unaopanda ni wa kadi. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, yako ina 3,686,400, na ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina 8,294,400. Kwa hiyo monita yako ina pikseli karibu mara 1.8 ya zile za 1080p, na ya 4K inazo mara nne kamili. Fremu hazipungui kwa uwiano huohuo, kwa sababu si kila kazi ya kadi hufuata idadi ya pikseli, lakini mwelekeo ni huo.

Ukiioanisha 7800X3D na RTX 4060 kwenye 1440p, katika gemu kama Cyberpunk prosesa itamaliza sehemu yake mapema na kukaa ikiisubiri kadi, nawe utakuwa umelipia uwezo usioonekana kwenye skrini. Hofu ya prosesa kuibana kadi imekuzwa mno, kwani katika kila kompyuta lazima kipande kimoja kiwe cha kwanza kufika kikomo. Katika gemu za hadithi ni heri kiwe kadi, kwa kuwa mzigo wake unaweza kuupunguza kwa kushusha vivuli, uakisi na ukungu, ilhali mipangilio inayoipunguzia prosesa mzigo ni michache sana.

Hezi Juu

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu Cyberpunk, lakini resolusheni peke yake haitoshi kuamua. Sharti ujue pia unataka fremu ngapi kwa sekunde. Ukitaka 60, kompyuta ina milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu. Ukitaka 165, inabaki na milisekunde 6 hivi, na muda huo unaibana prosesa sawasawa na kadi. Wachezaji wengi wa Counter-Strike 2 hushusha mipangilio ya picha ili kupata fremu nyingi, hivyo kadi hupata nafuu na prosesa ndiyo inayofika kikomo. Hapo ndipo 7800X3D hung'aa, kwa sababu ina kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96 dhidi ya MB 32 za 7600, na data nyingi zaidi hupatikana bila prosesa kwenda kuzitafuta kwenye RAM.

Kwa hiyo, kama ungekuwa na monita ya 1080p ya hezi 360 na unacheza Counter-Strike peke yake, ningekushauri njia ya kwanza. Kwa matumizi uliyoyaeleza, 7600 inakutosha. Zaidi ya hayo, prosesa zote mbili zinaingia kwenye AM5, kwa hiyo baadaye unaweza kubadilisha prosesa bila kugusa ubao mama wala RAM. Hakikisha umewasha EXPO (mpangilio wa kasi ya RAM) kwenye BIOS, yaani menyu ya ubao mama kabla ya Windows kuwaka, la sivyo RAM itakwenda kwa kasi ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye boksi lake, na prosesa itaathirika.

Kompyuta ikishakamilika, ingia mahali pazito ndani ya gemu, soma idadi ya fremu, kisha shusha resolusheni hadi 1080p bila kugusa kitu kingine chochote. Fremu zikipanda sana, kikomo kilikuwa kadi. Zisipotikisika, kikomo ni prosesa. Kipimo hicho nakiamini kuliko jedwali lolote la mtandaoni, kwa sababu kinapima gemu zako kwenye vifaa vyako.

Mjenzi Mpya

Nawashukuru sana, sasa nimeelewa. Yamebaki mawili. Je, GB 8 za kadi ni chache kweli kwa 1440p? Na je, pawa saplai ya wati 550 niliyoipanga itaibeba RX 7800 XT?

Bi Volti

Nianze na umeme, kwa kuwa hapo hakuna mjadala. RX 7800 XT peke yake inatumia wati 263, na AMD inapendekeza pawa saplai ya wati 700. Wati 550 zingeifaa RTX 4060, ambayo inatumia wati 115. Panga upya bajeti yako, na usichukue pawa saplai ya ubora wa chini ili kuokoa kidogo.

Kuhusu GB 8, gemu nyingi bado zinacheza, ila mpya zilizo nzito huzijaza upesi kwenye 1440p. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data huanza kupitia kwenye RAM ya kompyuta, ambako mwendo ni wa polepole zaidi. Dalili yake ni kwamba wastani wa fremu unaonekana mzuri lakini picha inakwamakwama unapogeuza kamera, au kuta zinabaki na ukungu hata ukizisogelea. Ukiwa na GB 16, unaweza kuacha ubora wa nyuso za vitu juu kabisa bila kupoteza fremu nyingi.

Kwa haki, RTX 4060 ina DLSS, teknolojia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili kupata fremu zaidi, ambayo kwa jumla hutoa picha safi kuliko FSR, teknolojia kama hiyo inayotumika kwenye RX 7800 XT. Hata hivyo, DLSS ya kiwango cha Quality kwenye monita yako huchora pikseli takriban 1707 kwa 960 kisha kuzikuza, nazo ni chache kuliko za 1080p, kwa hiyo mzigo unarudi upande wa prosesa. Mimi ningeitumia kama msaada wa ziada, nisingenunua kadi kwa kuitegemea.

Siku ya kuunganisha, tumia kebo ya DisplayPort na uichomeke kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Nasisitiza hili kwa sababu 7600 ina sehemu yake ndogo ya michoro, hivyo picha itatokea hata ukichomeka kwenye tundu lisilo sahihi, kisha utashangaa kwa nini gemu zinajikokota. Halafu fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows uchague hezi 165, maana mara nyingi mfumo huanza na 60, na uwashe FreeSync (inayooanisha mwendo wa monita na fremu za kadi) kama monita yako inayo.