Barua pepe za msimamizi wangu zinaishia karantini, naomba ushauri

Wakuu, habari za asubuhi. Nipo Mwanza, nasoma uzamili, utafiti wangu ni wa sangara. Kichujio cha barua taka cha chuo kinazuia barua za msimamizi wangu mwenza aliyeko Kisumu, hasa zenye viambatisho vya zip. Nikiiona barua kwenye orodha ya karantini (pale zinaposhikiliwa zilizozuiwa) naiachilia, inaingia. Inayofuata inazuiwa tena. Anwani yake nimeiweka kwenye watumaji salama, wapi! Matangazo ya mikopo ya chapchap ndiyo yanapenya.

Je, kanuni za chuo zinaweza kuipiku orodha yangu binafsi? Na watu wa TEHAMA niwaombe waruhusu anwani yake tu, au kikoa chote cha chuo chake (yaani anwani zote zenye jina la chuo hicho baada ya @)? Zikikaa sana karantini zinafutika zenyewe, na sura ya tatu iko humo.