Kabureta mpya ya trekta la kukatia nyasi: sailensi inapanda na kushuka, msaada wakuu

Mleta uzi
Wakuu, habari za leo. Niko Njombe, natunza viwanja vya shule. Tuna trekta dogo la kukatia nyasi, lile la kukalia, lilikuja kwenye kontena la misaada kutoka Marekani. Injini ni Briggs & Stratton ya silinda moja, nguvu za farasi 12.5. Namba ya Code iliyogongwa kwenye kava inaanza na 98, yaani ilitengenezwa mwaka 1998.

Lilikaa miezi mingi bila kuwashwa, petroli ikiwa ndani. Kabureta ikajaa utandu, fundi akaisafisha mara mbili lakini iliendelea kuvuja. Nikanunua mpya, nikaifunga mwenyewe Jumamosi. Inawaka vizuri, ila sailensi (mwendo wa injini ikiunguruma bila kuongezwa mafuta) inapanda na kushuka, haitulii. Nikivuta choki nusu inatulia kabisa. Nikiingiza visu tu, inazima. Skrubu ya sailensi nimeizungusha mpaka sijui ilikuwa wapi. Kuna mtu ananishauri nipanue jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, kwa waya. Shule inafunguliwa Jumatatu na nyasi za uwanja wa mpira zimefika magotini. Naombeni mwongozo.

Spana14
Mkuu, jeti usiiguse! Choki imeshakupa jibu. Ikitulia ukiibana hewa, basi petroli inayopita ni kidogo kuliko hewa. Na huko kwenu ni karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi, kabureta ya kawaida hukosea kwa kuzidisha petroli. Kwa hiyo ama kuna hewa inayopenya pembeni, ama kitundu cha sailensi kimeziba. Fungua tena uangalie gasketi. Ile ya zamani uliikwangua yote?

Mkulima wa Nakuru
Kabla ya yote hayo, ndugu yangu, chomoa kijiti cha oili unuse. Kabureta iliyokuwa inavuja humwaga petroli hadi kwenye oili. Kama kiwango kimepanda na harufu ni ya petroli, usiwashe tena hata kwa kujaribu. Oili ya namna hiyo hailainishi kitu, utaua injini nzima kwa sababu ya kabureta. Mwaga yote, weka SAE 30 mpya. Pia weka koki kwenye mpira wa petroli, uifunge kila ukimaliza kazi.

Mleta uzi
Aisee, nimenusa sasa hivi. Inanuka petroli, na imevuka alama ya juu. Asante sana, namwaga leo leo. Gasketi ya zamani niliiacha, nikabandika mpya juu yake.

Spana14
Hapo ndipo penye tatizo. Ikwangue yote, uso wa chuma ubaki safi, na zile bolti mbili za kabureta uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo.

Kuhusu skrubu: izungushe kwa vidole taratubu mpaka iguse mwisho. Usiikaze, ncha yake ni kama sindano, ukiilazimisha inaharibika. Irudishe mzunguko mmoja na nusu. Washa, acha injini ipate moto dakika tano. Iingize mpaka mlio uanze kulegea, kumbuka hapo. Itoe mpaka ulegee tena. Iache katikati. Chujio la hewa liwe limefungwa wakati wote huo, maana ukirekebisha bila chujio, siku ukilirudisha mlio unabadilika.

Binti Gereji
Naongezea: angalia springi ya gavana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini. Pale kwenye mkono wake kuna matundu zaidi ya moja, ukikosea tundu injini itahangaika hata kabureta ikiwa sahihi. Linganisha na picha kama ulipiga kabla ya kufungua. Na usiivute springi ili upate resi zaidi. Mwisho wa injini hizi ni mizunguko 3,600 kwa dakika, na visu vinazunguka kwa kuitegemea hiyo. Watoto wanapita karibu na uwanja, kisu kikikatika hakichagui.

Mleta uzi
Wakuu, mrejesho. Oili mpya, gasketi moja tu, skrubu mzunguko mmoja na robo. Springi nilikuwa nimeiweka tundu la pili, picha ya simu ikaniumbua. Nimeirudisha la kwanza. Sailensi imetulia bila choki, visu vinaingia na haizimi. Kwenye nyasi ndefu bado inalemewa.

Spana14
Mwinuko huo unakula nguvu ya injini, hilo halirekebishiki kwa skrubu. Pandisha visu juu, kata mara mbili.

Mleta uzi
Sawa mkuu. Nimemaliza nusu ya uwanja, kesho asubuhi namalizia upande wa goli la pili.