Litografia ya rangi 38/75 imeanza kutoka madoa, nianzie wapi?

Mkazi wa Mikindani
Habari wakuu. Nina litografia ya rangi (picha iliyochapwa kwa mchoro wa msanii juu ya jiwe): mtu mwenye macho makubwa, mwili umepindwapindwa, mistari minene ya brashi. Chini kuna 38/75 na sahihi ya penseli. Imebandikwa kwa seloteipu kwenye hadibodi, kioo kinagusa wino, na pembeni yameanza madoa ya kahawia. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, masika hutoa unyevu. Nitahakikishaje si bango la kiwandani? Na niiokoeje?

Mpiga chapa
Tafuta lenzi ya kukuza mara 10. Bango la ofseti, yaani la mashine ya kiwandani, litakuonyesha vitone vidogo vilivyojipanga, mara nyingi kwa umbo la maua madogo. Litografia ya jiwe ina chembechembe zisizo na mpangilio, kwa sababu msanii huchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe lililokwaruzwa. Palipochorwa hushika wino, palipobaki na maji huukataa. Alois Senefelder, mvumbuzi wa litografia, aligundua hilo Ujerumani miaka ya 1790 na kanuni ni ileile. Kila rangi ina jiwe au bamba lake, kwa hiyo kagua zinapopandana: bluu juu ya njano hutoa kijani kisicho na vitone, na kingoni rangi moja huchungulia kidogo.

Jiwe halipotezi mwendo wa mkono. Ndiyo maana mchoraji kama Karel Appel, wa CoBrA, kundi la wasanii wa Ulaya lililoanza 1948, alilitumia sana.

Sahihi iangalie karatasi ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga. Penseli hung'aa. Ila isikutoshe, maana hata nakala ya ofseti huweza kusainiwa. Na 38/75 ni nakala namba 38 kati ya 75, ila 38 haimaanishi ilichapwa ya 38. Nambari ndogo si lazima iwe bora.

Fundi fremu, Lindi
Kwanza itoe kwenye hadibodi hiyo, ina asidi. Seloteipu usiivute kwa nguvu, itaondoka na uso wa karatasi. Ikigoma, kata hadibodi kuizunguka na mwachie mtaalamu wa karatasi. Madoa usiyaguse kwa maji wala dawa ya kung'arisha nguo: wino unaweza kuchuja na karatasi ikadhoofika. Yanatokana na ukungu na chembe za chuma ndani ya karatasi, na unyevu ndio unaoyaamsha.

Fremu mpya iwe na kadi isiyo na asidi mbele (iliyokatwa dirisha picha ionekane) na nyuma. Shikilia picha juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Ukigandisha pande zote, karatasi ikivuta unyevu haina pa kutanukia, inafanya mawimbi. Kati ya kioo na wino acha angalau milimita 3, la sivyo wino utanata kwenye kioo. Nyuma ya fremu, pembe za chini, weka vipande vya mpira vya sentimita 1 hewa ipite. Na usitundike ukuta unaopigwa na mvua, chagua wa ndani. Unyevu wa chumba ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu unarudi.

Mkazi wa Mikindani
Nashukuru sana. Vipi nikipunguza pembezoni palipo na madoa, itoshee kioo cha saizi ya dukani?

Fundi fremu, Lindi
Hapana, ndugu yangu. Nambari na sahihi viko kwenye pembezo hizo, na kipimo kamili cha karatasi ni sehemu ya utambulisho wake. Agiza kioo kikatwe kwa saizi yake.