Miaka thelathini bila albamu ya Axl na Slash: ni ukamilifu au ni dharau?

Shabiki wa Ntinda
Ndugu zangu, tuliseme hili bila kuogopana. Desemba 2023, Guns N' Roses, ile bendi ya rock ya Marekani ya mwimbaji Axl Rose, walitoa wimbo wa The General. Agosti walitoa Perhaps. Kabla ya hapo, 2021, Absurd na Hard Skool. Nyimbo nne kwa miaka mitatu, na zote nne mizizi yake iko kwenye vikao vya studio vya enzi za Chinese Democracy, ile albamu yao ya 2008, ambavyo Slash hakuwamo. Wamefungua kabati la zamani, wakawapa Slash mpiga gitaa na Duff mpiga besi waongeze mkono wao, wakatuletea. Hao wawili wamerudi tangu 2016 na albamu hatujaiona. Mara ya mwisho Axl na Slash kuwa kwenye albamu moja mpya ya studio ilikuwa 1993, nayo ilikuwa ya nyimbo za watu wengine. Za kwao wenyewe ni 1991.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenionjesha bendi hii. Alikuwa na kanda mbili za Use Your Illusion, I na II, zile albamu za 1991, lile jalada la njano na lile la bluu, zile za kunakiliwa zilizouzwa karibu na stendi ya teksi Kampala. Pembeni yake akaweka kasha tupu la kanda na kuandika kwa kalamu "III". Alifariki 2007. Kasha ninalo, bado ni tupu.

Swali langu ni hili: mtu akikaa miaka yote hii akisema kazi haijawa tayari, huko ni kutafuta ukamilifu au ni kudharau mashabiki?

Mpiga Besi wa Entebbe
Pole kwa msiba, kaka. Ila kifo hakihusiani na ratiba ya studio, usimbebeshe Axl.

Sikiliza. Wimbo wa November Rain Axl alikuwa nao tangu 1986, kuna rekodi ya majaribio ya mwaka huo. Angeweza kuutia kwenye albamu ya kwanza ya 1987. Hakuutia, aliona bado. Ukatoka 1991 na vinanda vyote vile, na solo ambayo kila anayeshika gitaa hapa Uganda ameijaribu. Miaka mitano! Kama angewasikiliza watu kama wewe, tungepata kijiwimbo cha piano tukakisahau. Bendi ya Tool nao walikaa miaka 13, kutoka 2006 hadi 2019, na albamu ilipotoka ikaenda moja kwa moja namba moja Marekani. Kazi nzuri haiendeshwi kwa kelele za mteja.

Au mnataka awe kama mafundi cherehani wa soko la Owino, Kampala, wanaokukabidhi gomesi, lile gauni letu la kiasili, asubuhi ya kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, na pini bado imo ndani?

Dereva wa Malaba
Umemaliza kaka. Mimi foleni ya mpakani nimeizoea, siku mbili na gari halijasogea, redio ndiyo rafiki. Kusubiri si kitu. Ila hiyo Chinese Democracy ilichukua miaka ishirini na dola milioni hamsini, nilisoma mahali. Hapo naona walizidisha.

Fundi wa Kisenyi
Nimeingia humu kwa sababu napenda muziki huu tangu ujana, nakutana na matusi. Mpiga Besi, umewahi kushona gomesi? Umewahi hata kukata kitambaa cha mita sita kinachoteleza kama samaki, mteja amesimama mlangoni anakuuliza "ssebo, imekwisha?"

Pini ndani ya nguo hutokea pale mteja alipoleta kitambaa Alhamisi jioni kwa sherehe ya Jumamosi. Fundi halali usingizi. Anashona kwa taa ya simu maana umeme umekatika. Msimsingizie fundi kuchelewa wakati aliyechelewa ni mwenye kitambaa. Omba radhi.

Mwalimu wa Jinja
Dereva, takwimu zako zimeruka. Kutoka albamu ya 1993 hadi Chinese Democracy ya Novemba 2008 ni miaka 15. Fedha, New York Times iliandika mwaka 2005 kwamba zilikuwa zimefika dola milioni 13, na hapo kazi ilikuwa bado haijaisha. Wapiga gitaa watano wamo: Buckethead, Robin Finck, Bumblefoot, Richard Fortus na Paul Tobias. Kampuni ya soda ya Dr Pepper iliahidi mwaka huo wa 2008 kwamba albamu ikitoka kabla mwaka haujaisha, kila Mmarekani atapata kopo la bure, isipokuwa Slash na Buckethead. Watu walishajua haitatoka. Ikatoka.

Dereva wa Malaba
Asante mwalimu. Milioni 13 bado ni malori mengi.

Mpiga Besi wa Entebbe
Fundi, sijakutukana wewe. Nilitoa mfano tu. Mbona unachukulia kibinafsi?

Fundi wa Kisenyi
Mfano wako una watu ndani yake. Mimi niko Kisenyi, jirani na Owino, miaka 22. Mke wangu anashona. Binti yangu amesoma kwa cherehani hiyo. Ukisema "mafundi wa Owino" unadhani unazungumza na nani?

Mama wa Mbale
Fundi yuko sahihi kabisa. Ila tusifichane, mafundi nao wanatutesa. Fundi mmoja, simtaji, aliniharibia kitambaa cha dada yangu, bibi harusi. Kila siku "kesho nnyabo, kesho nnyabo". Siku ya siku mabega yote mawili yamelala, gomesi bila mabega yaliyochongoka ni gauni la kulalia. Nililia kwenye gari. Kwa hiyo mimi namuelewa huyo wa Ntinda. Kuahidiwa kesho kila siku kunachosha moyo kuliko kuambiwa haiwezekani.

Fundi wa Kisenyi
Pole sana mama. Huyo aliharibu. Mabega ya gomesi ndiyo mtihani wenyewe. Ukikosea hapo huwezi kuficha popote, hata vifungo viwili vya kushoto uvifanye vya dhahabu. Mimi nayaweka kitambaa kigumu ndani, nayapiga pasi kabla ya kuyaunga, sio baada.

Mama wa Mbale
Na kikoi cha ndani unashona wewe au mteja anakuja nacho?

Fundi wa Kisenyi
Mteja aje nacho. Nipime juu yake, maana bila kikoi kitambaa kinashika mwili na kipimo kinadanganya.

Shabiki wa Ntinda
Jamani. Nimeuliza kuhusu Guns N' Roses.

Mzee wa Afrigo
Niwaambie vijana kitu. Mnalia kwa sababu ya Wamarekani wakati Afrigo Band ipo hapa hapa tangu 1975. Moses Matovu ameshika saksafoni yake tangu nyinyi hamjazaliwa, amepita tawala zote hizo, vita, magendo, saa za kutotoka nje, na wikendi ukienda unamkuta jukwaani. Hakujifungia studio miaka 15 kutafuta sauti ya dramu. Mwanamuziki kazi yake ni kupiga muziki. Huo mnaouita ukamilifu sisi zamani tuliuita uoga.

Mpiga Besi wa Entebbe
Mzee wangu, kwa heshima zote, uoga? Axl amesimama mbele ya uwanja mzima akaimba kwa muda wa saa tatu. Ziara yao ya 2016 hadi 2019 imo kati ya zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani. Huyo si mtu anayeogopa watu.

Mzee wa Afrigo
Nimesema kupiga jukwaani si uoga. Kuacha wimbo uondoke mkononi mwako, hapo ndipo wanaogopa. Soma vizuri.

Binti wa Arua
Mimi nina miaka 19 na Chinese Democracy ndiyo albamu yangu ya kwanza ya Guns N' Roses. Baba aliinunua Nairobi. Kila mara watu wazima humu wanaitaja kama ajali ya barabarani. Ina nyimbo 14 na mimi nazipenda karibu zote. Iliingia namba tatu Marekani wiki ya kwanza. Bendi nyingine ingefanya sherehe. Kosa lake lilikuwa moja tu, watu waliisubiri muda mrefu mpaka wakawa wameshaitunga vichwani mwao, na ile ya vichwani haina mpinzani.

Shabiki wa Ntinda
Binti, hilo nalikubali. Hata mimi nilipoisikiliza mara ya kwanza sikuwa naisikiliza. Nilikuwa namtafuta Slash.

Mwalimu wa Jinja
Turudi kwa Mpiga Besi na November Rain, maana hajajibiwa. Miaka mitano ile ilifaa. Kwa nini 15 ya baadaye isifae vilevile? Albamu ya 1987 walirekodi kwenye mikanda, na kuchanganya sauti kulifanyika kwa mikono, watu kadhaa wameinama juu ya meza moja, kila mmoja na vitufe vyake. Axl hata wakati huo alikuwa vilevile, anaimba mstari kwa mstari mpaka aridhike. Tabia haikubadilika. Kilichobadilika ni nini?

Mpiga Besi wa Entebbe
Walioondoka. Izzy 1991, Slash 1996, Duff 1997. Hakubaki mtu wa kumwambia "kaka, imetosha."

Fundi wa Kisenyi
Naomba nijibu hili, kwa sababu nalijua kwa mkono.

Kazi yangu ina mkasi. Unapima, unachora kwa chaki, unapima tena, unamuita mke wako aangalie. Lakini ukishakata, umekata. Kuanzia hapo lazima nguo iishe, kitambaa hakirudi nyuma. Siku naogopa kukata, nachora chaki juu ya chaki mpaka kitambaa kinakuwa cheupe na sijui tena mstari wa kweli ni upi. Mke wangu ndiye huja kunishikisha mkasi.

Mwanangu anarekodi muziki kwa kompyuta chumbani. Nimekaa naye. Anaimba mara 40, zote zipo. Hakuna kinachokatwa. Anaweza kurudi mwaka kesho akabadilisha neno moja. Nikamuuliza, sasa utamaliza lini? Hakujibu. Mikanda ya zamani ilikuwa na mkasi wake, ilijaa, ilichakaa, studio ilikuwa na mwenye zamu anayefuata. Huyo Axl aliwekwa kwenye chumba chenye fedha nyingi na hakuna mkasi. Mimi simlaumu, ila namhurumia.

Mama wa Mbale
Fundi umenipiga moyoni.

Dereva wa Malaba
Hii niisome tena foleni ikisimama.

Mpiga Besi wa Entebbe
Fundi, nimesoma. Neno langu la Owino nalifuta. Nilikosea.

Fundi wa Kisenyi
Nimepokea, kaka. Yameisha.

Shabiki wa Ntinda
Maelezo ni mazuri na nayaheshimu, Fundi. Lakini huruma kwake isifute haki yangu. Nyimbo hizi nne zilishakatwa zamani na kushonwa nusu. Absurd waliupiga jukwaani 2001 kwa jina lingine, Silkworms. Perhaps na The General wenye masikio walizijua kwa majina kabla hazijatoka. Kwa hiyo hatungojei kipya. Tunauziwa viraka, na wao wanajua kwamba tutanunua kwa sababu tuna njaa.

Fundi wa Kisenyi
Kiraka? Tena umenigusa, na wewe sikutegemea.

Wiki jana msichana aliniletea gomesi ya marehemu mama yake. Hariri ya zambarau, ya miaka ya themanini, upindo umeliwa na mende. Alitaka aivae kwenye kwanjula yake mwenyewe. Nilifumua upande mzima. Ndani ya mshono nikakuta uzi wa fundi wa kwanza, mistari midogo sana, mkono wa mtu aliyejali. Nilipunguza kiuno, nikabadilisha mabega, nikaacha shingo ya mraba kama alivyoishona yule. Kazi ile ilinichukua siku nne, mpya ningemaliza kwa mbili. Utamwambia binti yule amevaa kiraka?

Slash kuweka gitaa lake juu ya wimbo alioanzishiwa na watu wengine akiwa hayupo, kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kuanza upya. Wewe sema albamu imechelewa, nitakuunga mkono. Usiseme kiraka.

Binti wa Arua
Nimelia kidogo. Alivaa?

Fundi wa Kisenyi
Alivaa Jumamosi. Shangazi zake walimtambua mama yake kabla ya kumtambua yeye.

Mzee wa Afrigo
Hapo nimenyamaza, fundi. Ila bado nasema, waje wapige hapa Kampala, hata bila albamu.

Mpiga Besi wa Entebbe
Mzee, kwa hilo niko nyuma yako kabisa. Tungejaza uwanja wa Kololo.

Dereva wa Malaba
Kololo wangeijaza Wakenya, mabasi yote mimi ndiye nitakayeyaona yakivuka.

Mpiga Besi wa Entebbe
Nani kasema Wakenya wanaijua rock kuliko sisi?

Dereva wa Malaba
Nairobi wana bendi za rock za kwao na matamasha yake. Sisi tuna wangapi? Tusijidanganye kaka.

Mpiga Besi wa Entebbe
Dereva, kesho nakuja Malaba na besi yangu uone.

Mwalimu wa Jinja
Mnaanza mjadala mwingine. Huo wa Nairobi na Kampala hauishi, naujua, niliwahi kupoteza marafiki humo.

Shabiki wa Ntinda
Fundi, neno kiraka nimeliondoa. Jana usiku nilizisikiliza zote nne tena, polepole, kwa spika za kaka. Kwenye Perhaps, gitaa linapoingia, ni Slash kabisa, hakuna mwingine anayevuta noti hivyo. Bado naona tumedharauliwa, miaka ni mingi mno na hakuna anayesimama kutuambia kitu. Ila nimezinakili kwenye kanda. Rafiki yangu wa redio bado ana mashine. Nyimbo nne hazijazi hata upande mmoja, nimeziweka kwenye lile kasha la "III" na upande wa pili nimeuacha.

Mama wa Mbale
Fundi, uko sehemu gani ya Kisenyi? Nina kitambaa, harusi ni Agosti, nimewahi.

Fundi wa Kisenyi
Njoo Jumatatu kabla ya saa nne, mama, wateja hawajajaa. Na usisahau kikoi.